Je, Wajua? Ukanda wa Wembe Hausagi Chuma

Ukanda wa kunolea, yaani kipande kirefu cha ngozi ambacho wembe wa kukunja hupitishwa juu yake kabla ya kunyoa, hausagi chuma kama kinoo kifanyavyo, bali hunyoosha na kung'arisha ukingo mwembamba wa makali. Ukingo huo ni dhaifu kuliko unavyodhaniwa: mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kuwa hata unywele mmoja, ulio laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, huweza kuumegua.

Kwa sababu hiyo, mtu anapochagua ukanda, uso wa ngozi ndio wa kukaguliwa kwanza, kwani ni lazima uwe sawa kabisa, usio na mikunjo, makovu wala chembe za mchanga. Ngozi ya ng'ombe iliyotiwa tanini, yaani kemikali ya asili ipatikanayo katika magome ya miti, huwatosha watu wengi. Inayosifiwa zaidi ni kodovani, tabaka la nyuzinyuzi zilizoshikamana lililomo ndani ya ngozi ya matako ya farasi, ambalo kiwanda cha Horween cha Chicago hulitengeneza kwa muda usiopungua miezi 6, na bei yake hufuata subira hiyo. Upana wa takriban sentimita 7.5 huenea urefu wote wa makali, ilhali ukanda mwembamba hudai wembe uvutwe mshazari. Mwanagenzi, ambaye mara nyingi huikata ngozi kwa kuugeuza wembe juu ya makali badala ya mgongo wake, ni afadhali aanze na ukanda wa bei nafuu.