Chimbuko la Mvuto wa Jinsia Moja

Chimbuko la mvuto wa kimapenzi kwa mtu wa jinsia ile ile limejadiliwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1899 jarida la Kijerumani, Zeitschrift für Ethnologie, lilichapisha maelezo mafupi juu ya Zanzibar yaliyowagawa wenye mvuto huo mafungu mawili: waliozaliwa nao na walioupata ukubwani. Kuhusu wale wa kwanza, wenyeji walinukuliwa wakisema ni amri ya Mungu.

Mwaka 2014 swali hilo lilifika Ikulu ya Uganda. Kabla ya kutia saini muswada wa kupinga mapenzi ya jinsia moja, Rais Yoweri Museveni aliwauliza wanasayansi kama kuna watu wanaozaliwa hivyo. Jopo la Wizara ya Afya lilijibu kwamba hakuna jeni moja iliyothibitishwa kuwa chanzo, na kwamba hali hiyo si ugonjwa. Rais alishika jibu la kwanza, akatia saini tarehe 24 Februari. Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria hiyo Agosti kwa sababu Bunge halikutimiza akidi. Nyingine ikatungwa mwaka 2023.

Ushahidi wenyewe ni mpana kuliko jibu lile. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard wa Marekani waliwachunguza wanaume wenye mvuto huo waliokuwa na ndugu pacha. Miongoni mwa mapacha wa yai moja, wenye vinasaba sawa, asilimia 52 ya ndugu hao nao walikuwa hivyo. Miongoni mwa mapacha wa mayai mawili, asilimia 22. Tafiti za baadaye, zenye sampuli bora, zilipata viwango vya chini zaidi. Vinasaba vina mchango, lakini haviamui peke yake.

Mwaka 2019 Andrea Ganna na wenzake walichambua vinasaba vya watu wapatao 477,000, karibu wote wenye asili ya Ulaya. Walipata maeneo matano yanayohusiana na kufanya mapenzi ya jinsia moja, kila moja likiwa na athari ndogo mno.

Tumbo la uzazi nalo lina nafasi yake. Mwaka 1996 Ray Blanchard na Anthony Bogaert wa Kanada walionyesha kuwa mwanamume mwenye kaka wengi waliomtangulia kwa mama mmoja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuvutiwa na wanaume. Kaka wa kambo waliolelewa naye hawaleti tofauti hiyo. Inadhaniwa kuwa kingamwili za mama huongezeka kwa kila mimba ya mtoto wa kiume.

Mwaka 2015 Akademia ya Sayansi ya Afrika Kusini, ikishirikiana na ya Uganda, ilihitimisha kuwa mchango wa kibiolojia ni mkubwa, na kwamba hakuna ushahidi kuwa mvuto huo huambukizwa kwa kuchangamana na watu. Kukosekana kwa jeni moja, basi, si ushahidi wa uchaguzi: hata kimo hakina jeni moja, na hakuna aliyejichagulia urefu wake. Mtunga sheria, mhubiri au mwanaharakati anayeitaja sayansi katika mjadala huu anawajibika kuisema yote.