Je, Wajua? Manowari iliyogeuzwa ukumbi wa dansi

Mikasa, manowari mashuhuri ya Japani, haielei tena. Imezungushiwa zege ufukweni Yokosuka, na mgeni hukata tiketi akapanda. Iliundwa Barrow-in-Furness, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1900. Mei 1905, katika mapigano ya Tsushima wakati wa vita vya Japani na Urusi, Admirali Togo Heihachiro alisimama kwenye jukwaa lake la juu lisilo na paa huku makombora yakiruka. Meli za Urusi alizozisambaratisha zilikuwa zimetoka Bahari ya Baltiki, zikaizunguka Afrika na kutia nanga kwa wiki kadhaa Nosy Be, Madagaska.

Adui hakuizamisha. Ilijizamisha yenyewe! Septemba ya mwaka huohuo, siku chache baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, ghala lake la baruti lililipuka bandarini Sasebo. Iliopolewa, ikatengenezwa, na mwaka 1926 ikawa makumbusho.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia iling'olewa mizinga, na sitahani watu wakacheza dansi. Ajabu ni kwamba miongoni mwa walioipigania irejeshewe heshima yake alikuwamo Admirali Chester Nimitz wa Marekani, aliyeongoza vita dhidi ya Japani Pasifiki. Ilifunguliwa upya 1961. Mizinga mikubwa uionayo leo ni ya kuigiza.