Kilomita 3,500 Mkiwa Wawili: Mtafika?

Hebu fikiri. Umemaliza shule, umepata kazi, umeoa au umeolewa. Kabla ya kuanza kulea watoto, wewe na mwenzi wako mnaamua kufanya safari moja kubwa. Hakuna basi wala lifti. Ni miguu tu, mzigo mgongoni na milima mbele. Mtanyeshewa, mtanuka jasho, mtalala kwenye hema, na kwa miezi sita mtakuwa mnatazamana ninyi kwa ninyi. Mapenzi yatatosha?

Huko Marekani wapo wanaofanya hivyo kila mwaka. Njia yao inaitwa Appalachian Trail. Inafuata safu ya milima ya Appalachian, kutoka jimbo la Georgia kusini hadi Maine kaskazini, na inapita katika majimbo 14. Urefu wake ni karibu kilomita 3,500. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kurudi, halafu kwenda tena. Kwa miguu!

Milima yenyewe si mirefu sana. Kilele cha juu kabisa njiani, Kuwohi, kina mita 2,025. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895. Hata hivyo, kati ya watu wanne wanaoanza wakitaka kufika mwisho, ni karibu mmoja tu anayefika. Kinachowashinda ni nini? Mara nyingi ni mambo madogo ambayo hata wewe unaweza kukutana nayo kwenye safari ya shule.

MIGUU NA TUMBO

Lengelenge huanza pale soksi yenye unyevu inapoisugua ngozi. Ukihisi sehemu moja ya mguu inapata moto, simama hapo hapo. Kausha, funika kwa plasta, badili soksi. Usiseme "nitaangalia tukifika." Mkifika litakuwa limeshapasuka, na kidonda huingiza vijidudu.

Maji ya kijito cha mlimani yanang'aa, lakini yanaweza kuwa na giardia, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kinaleta kuharisha, tumbo kujaa gesi na udhaifu wa wiki nzima au zaidi. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu. Choo je? Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, fukia, kisha nawa kwa sabuni.

"NIKO POA"

Hapa sasa si mchezo. Njia hiyo inapita kwenye Mlima Washington, mita 1,917. Tarehe 12 Aprili 1934 upepo ulipimwa hapo ukienda kilomita 372 kwa saa. Watu wamekufa kwa baridi katika mlima huo hata miezi ya kiangazi. Si lazima pawe na barafu. Mvua, upepo na uchovu vinatosha.

Tuseme mwenzako amelowa. Unamwuliza, "Vipi?" Anajibu, "Niko poa, twende." Lakini anatetemeka, anajikwaa, anaongea kama mlevi, hawezi hata kufunga kamba za viatu. Usiamini maneno yake, amini macho yako. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, ubongo nao haufanyi kazi sawasawa. Kadiri anavyozidi kupoa, ndivyo anavyozidi kutojua kwamba anapoa. Na akiacha kutetemeka huku bado amelowa na amechanganyikiwa, usifurahi. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Fanya hivi:
1. Simameni. Mwondoe kwenye upepo na mvua.
2. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike hadi kichwani. Weka kitu chini yake asilale kwenye ardhi.
3. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimpe pombe! Inaongeza kupoteza joto.
4. Usimsugue mikono na miguu. Mkumbatie, mpe joto la mwili wako, na tafuta msaada haraka.

SIKU ZIKIKOSEKANA

Anayetembea kutwa na mzigo anaweza kutumia kalori 4,000 au zaidi kwa siku. Msichana asipokula vya kutosha anaweza kukosa hedhi, kwa sababu mwili unabana matumizi. Wengine hudhani hapo hawawezi kupata mimba. Si kweli! Yai linaweza kupevuka kabla hedhi haijarudi. Na huenda hedhi imekosekana kwa sababu mimba tayari ipo. Wawili wasiotaka mtoto kwa sasa watumie kondomu au njia nyingine ya uzazi wa mpango safari nzima, na siku zikichelewa wapime. Hilo ni la wote wawili, si la msichana peke yake.

MWENDO WA NANI?

Angalia jambo hili. Mvulana anatangulia, anafika juu, anakaa kumsubiri mwenzake. Msichana anafika akihema. Mvulana, ambaye ameshapumzika, anasimama: "Haya, twende." Nani amepumzika hapo? Aliyechoka zaidi ndiye aliyekosa kupumzika! Baada ya siku tatu hivi, ugomvi.

Dawa ni rahisi: mwenye mwendo mdogo atangulie. Waongozaji wa Kilimanjaro nao husema "pole pole," na wana sababu. Tena kubalianeni kabla ya kuondoka: mmoja akisema "turudi," tunarudi, bila kubishana wala kuchekana. Kusema "nimechoka" au "sitaki" si aibu. Anayekupenda kweli anasikia mara ya kwanza, iwe mlimani au chumbani.

Na kama hakuna wa kukusikia? Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 na mama wa watoto 11, alitembea Appalachian Trail yote peke yake, miguuni amevaa raba za kawaida. Alikuwa ameachana miaka mingi kabla na mume aliyekuwa akimpiga. Alifika mwisho bila yeye.

Sasa wewe: mara ya mwisho rafiki au mpenzi wako alipokwambia "nimechoka," ulimjibu nini? Jadilini na wenzako darasani.