Miaka Minne ya Katikati

Uwanja wa kijiji cha delta ya Rufiji una ratiba yake ambayo hakuna chama cha mpira kinachoipanga. Siku za bamvua, maji yakijaa, boti kutoka Nyamisati hupenya mpaka vijito vya ndani na timu ya kijiji cha pili hufika na mashabiki wake, ngoma na yote. Maji yakipwa, chombo hukaa juu ya tope, na mechi ya saa kumi huanza pale wageni watakapochomoza kwenye mikoko. Ukiingia msimu wa mpunga, nusu ya kikosi haipo. Wamehamia mashambani na wazazi wao, wanalala kwenye madungu na kufukuza ndege na nguruwe. Kijana anaweza kukaa miezi bila kugusa mpira wa kweli, kisha akarudi na kumpita beki kana kwamba jana alikuwa mazoezini.

Kazi yangu ni kufundisha vijana, na swali ninaloulizwa zaidi Kibiti, iwe stendi au Bungu sokoni, ni hili: "Mwalimu, huyu mwanangu nimpeleke Simba au Yanga?" Mtoto mwenyewe ana miaka 17. Kwa sasa ningependa asipelekwe kokote kati ya hizo mbili, na sababu nitaieleza kirefu, maana mzazi akilisikia jibu hilo bila maelezo hudhani namdharau mtoto wake.

Mpaka kidato cha nne, njia ipo. UMITASHUMTA huwakusanya wa shule za msingi na UMISSETA wa sekondari. Mtoto hutoka shule, akachezea kata, wilaya, mkoa, na akijaliwa akaonekana kwenye fainali za taifa. Ni njia nyembamba na ina kasoro zake, lakini mtoto wa Salale au Mbuchi anaijua. Juu kabisa ipo Ligi Kuu, timu 16, mechi 30 kwa msimu, mishahara na kamera. Katikati ya hapo, kuanzia siku anapomaliza mtihani wa kidato cha nne mpaka anapofikisha miaka 20 au 21, ndipo tunapowapoteza. Shule haina tena mashindano ya kumpa, na Ligi Kuu haina nafasi kwake. Anarudi kwenye kamba na kaa, au anapanda basi kwenda Mbagala Rangi Tatu kutafuta kibarua, na jioni anacheza ndondo, michuano ya mitaani.

Watu hunijibu kwamba klabu kubwa zina yosso, na kweli zinazo. Kanuni inazitaka klabu za Ligi Kuu ziwe na timu ya chini ya miaka 20, na Ligi ya Vijana ipo. Lakini kwa miaka mingi mashindano hayo yamechezwa kwa vituo: timu hukusanywa mji mmoja, hucheza mechi chache kwa siku chache, bingwa akapatikana na wengine wakarudi nyumbani. Hesabu mwenyewe. Kijana akicheza mechi tano bila kutolewa amepata dakika 450. Mimi sijaona kijana wa miaka 18 akikua kwa chini ya dakika 1,500 za mashindano kwa msimu. Hicho ni kipimo changu mwenyewe, sikukitoa kwenye kitabu cha kanuni, na kimenisaidia kuliko vyote. Mazoezi humfundisha kijana kupiga pasi. Kuipiga akiwa amechoka, timu iko nyuma bao moja na jukwaa linamzomea, hujifunza ndani ya mechi yenye pointi tu.

Kwenye kikosi cha wakubwa hali ni ngumu zaidi. Misimu ya karibuni klabu ya Ligi Kuu imeruhusiwa kusajili wageni 12, na Simba na Yanga huzitumia nafasi hizo kwa wachezaji waliokomaa, maana kocha wao anafukuzwa kwa sare mbili. Sisemi wageni wasije. Ligi imepanda kwa sababu yao. Nasema mzazi ajue foleni ilivyo kabla hajauza mbuzi wa nauli.

Wenzetu wa mchezo ulio mbali kabisa na mikoko, mpira wa magongo wa barafuni, wameliwekea jambo hili sheria. Klabu za ligi kuu ya Marekani na Kanada huchagua vijana wakiwa na miaka 18, na kuchaguliwa hakumaanishi kucheza. Klabu inashika haki ya kijana, kisha wengi wao wanarudi kwenye timu za vijana walikotoka kwa msimu mmoja au miwili zaidi. Akisainishwa akiwa na miaka 18 au 19, klabu inaweza kumjaribu hadi mechi tisa; ya kumi ikichezwa, mwaka wa kwanza wa mkataba wake unaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo kila Novemba viongozi hukaa na kuulizana swali moja: huyu anacheza kwetu kila wiki, au arudi akacheze kila wiki kwingine? Kumweka tu jukwaani na suti kunahesabiwa kuwa hasara ya wote wawili. Mfumo wao una lawama zake, na ligi za vijana na za wakubwa zimevutana miaka mingi juu ya nani apelekwe wapi. Ila swali lile la Novemba ningetamani liulizwe Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga kila dirisha dogo.

Hata kwetu waliofika mbali walipanda kwa hatua. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, mji ambao watu wa kusini wa barabara hii ya Kibiti wameujaza kwa vizazi. Hakuanzia Simba. Alianzia African Lyon, akacheza, ndipo Simba wakamchukua mwaka 2010. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 18, alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi na akakaa huko karibu miaka mitano, mpaka alipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Genk ikafuata Januari 2016, ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019 akiwa na mabao 23 ya ligi, na Aston Villa Januari 2020, ambako alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Watu hukumbuka Villa. Mimi nakumbuka ile miaka ya Lubumbashi, alipokuwa na nafasi ya kucheza, kukosea, na kucheza tena.

Novatus Miroshi alitoka kituo cha Azam pale Chamazi, na kabla ya kwenda Israeli alipelekwa kwa mkopo Biashara United ya Mara. Mkopo kwa kijana wengi wetu tunauona kama kufukuzwa kistaarabu. Kwake ulikuwa ngazi, na mwaka 2023 alikuwa akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Kelvin John naye alionekana na dunia akiwa na Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, kwenye AFCON ya vijana ya mwaka 2019 iliyochezwa Dar es Salaam, lakini kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, ila kwa hali chache maalumu. Akasubiri shuleni Leicestershire, Uingereza, akisoma na kufanya mazoezi, na mwaka 2021 alipotimiza umri akasaini Genk. Mzazi anayeambiwa na mtu wa simu kwamba mwanawe wa miaka 16 ana timu inayomngoja Ulaya mwezi ujao, aikumbuke kanuni hiyo na akate simu.

Kabla sijafika kwenye karatasi za usajili na umri, niseme juu ya mwili, maana hapa makocha tunawaonea watoto. Wavulana hawabalehe pamoja. Mmoja ana ndevu akiwa na miaka 14, mwingine anaanza kurefuka akiwa na 16. Kwenye mchujo wa siku moja kocha humchukua mwenye kifua, na yule mdogo mwenye akili ya mpira anarudi na boti ya jioni. Miaka mitatu baadaye wamelingana kimo, ila mmoja tu ndiye aliyefundishwa. Tena anayerefuka haraka huumwa chini ya goti, pale kano nene inaposhika mfupa wa muundi, na akiambiwa avumilie anaweza kukaa nje miezi. Mtoto wa delta ana mzigo wa ziada: asubuhi kapiga kasia, mchana kabeba gunia, jioni anakimbizwa mizunguko kumi ya uwanja. Mimi huanza kwa kuuliza amefanya nini tangu alfajiri. Akiwa ametoka kuvuta nyavu usiku, siku hiyo anagusa mpira nusu saa na kwenda kulala. Kwa chakula hana shida kubwa kama wa mjini, samaki na wali vipo. Anachokosa zaidi ni usingizi.

Basi afanye nini kijana wa miaka 17 wa Kiongoroni? Aingie ngazi iliyo mlangoni kwake. Chini kabisa ipo ligi ya wilaya, daraja la nne. Bingwa hupanda ligi ya mkoa, ambayo kwa Pwani husimamiwa na COREFA, chama cha mpira cha mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Watu huidharau ligi ya wilaya kwa kuwa haina zawadi ya maana, huku ndondo ya kombe la ng'ombe ikijaza uwanja msimu wa korosho. Naipenda ndondo. Inamfundisha kijana ujasiri, na vipaji vingi vimeonekana huko. Lakini kijana anayezunguka kama mamluki, leo Bungu, kesho Jaribu Mpakani, keshokutwa Ikwiriri, anacheza miaka minne na haachi alama yoyote kwenye kumbukumbu za mpira. Kimaandishi, mtu huyo hajawahi kucheza.

Hapo ndipo karatasi ya usajili inapogeuka fedha. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia ya bei, na kila msimu wa 16 hadi 23 una nusu asilimia. Tuseme klabu ya Kibiti ilimsajili kijana akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17, kisha siku moja akauzwa nje kwa dola milioni moja. Sehemu yao ni asilimia moja na nusu, dola 15,000, zaidi ya shilingi milioni 35. Hizo ni jezi, mipira, injini ya boti na mshahara wa mwalimu. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina chombo chake cha malipo kilichopo Paris, ambacho huisoma pasipoti ya mchezaji kwenye mfumo na kutafuta nani anadai. Husoma kilichoandikwa, na klabu ambayo haikumsajili kijana haimo humo, hata kama mwenyekiti wake ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza.

Karatasi ya pili ni cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kupunguza umri ni ugonjwa tuliougua hadharani. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia na wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja, na watoto wote waliokuwa na umri halali wakakosa safari yao. Mwaka 2017 upepo uligeuka: Congo-Brazzaville wakaondolewa kwa suala la umri na sisi tukaenda Gabon. Siku hizi kifundo cha mkono hupigwa picha ya MRI na mifupa yenyewe husema. Anayemshauri kijana wa miaka 19 aandikishe 16 anamwibia miaka yake bora, kwa sababu atashindana na watoto anaowazidi nguvu na hatajifunza kucheza bila nguvu hizo.

Na klabu ikija kweli na mkataba? Aliye chini ya miaka 18 hasainishwi zaidi ya miaka mitatu. Kanuni ya FIFA inasema hivyo. Wakala awe na leseni, na kwa mtoto awe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Mimi huongeza masharti mawili nisiyoyaona kwenye kanuni. Klabu imtajie mzazi vijana wa chini ya miaka 20 waliocheza msimu uliopita na dakika zao. Na iandike kwamba asipofikisha idadi fulani ya mechi mpaka dirisha dogo, atapelekwa kwa mkopo Championship au First League. Klabu moja iliwahi kunicheka nilipolitaka hilo. Nyingine ilikaa kimya, ikaenda kushauriana, ikarudi na kuliandika, na huko ndiko nilikomshauri mzazi asaini.

Dirisha la usajili wa wilaya likifunguliwa, mtu wa kwanza ninayemtafuta ni katibu wa timu, aliye na fomu na simu yenye mtandao. Wa pili ni nahodha wa boti ya Nyamisati, maana mara nyingi cheti cha kijana kipo Maparoni, kwenye sanduku la bibi yake, na maji ya kesho yanajaa alfajiri.