Utomvu wa Miti kwenye Rangi ya Gari

Miembe, mifenesi na mikorosho iliyosalia katikati ya nyumba za Kiembe Samaki, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume kisiwani Unguja, ndiyo kivuli kinachotafutwa na wenye magari wakati wa joto la kaskazi, na ndiyo hiyo hiyo inayoyaachia magari madoa ya kunata ambayo wengi huyakabili kwa wembe, kwa petroli au kwa tina, yaani kimiminika ambacho mafundi huzimulia rangi. Kosa la njia hizo si ukali wake tu, bali ni dhana kwamba utomvu wote ni wa namna moja.

Rangi ya kiwandani hukaa kwa tabaka: la msingi linaloshika bati, la rangi yenyewe, na la juu la vanishi ang'avu, ambalo unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya 1,000 ya milimita. Tabaka hilo jembamba kuliko unywele ndilo linalopaswa kulindwa, kwani likishakwanguliwa halirudi.

Gundi ya gome la mkorosho kwa sehemu kubwa ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari zilizoungana, nayo hulainishwa na maji. Maziwa ya mfenesi ni lateksi, yaani chembe za mpira na ulimbo zinazoelea ndani ya maji, ambazo zikishakauka hazikubali tena kuyeyuka kwa maji. Ndiyo maana apasuaye fenesi hujipaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza, na kanuni hiyo ya jikoni ni sahihi kikemia. Maji ya kikonyo cha embe yana pande zote mbili, upande wa maji wenye sukari na protini, na upande wa mafuta wenye terpeni, yaani viambato vya harufu kali, na kwa kuwa majimaji hayo huunguza hata ngozi ya mtu, hayafai kuachwa mpaka kesho. Hata hivyo, vitone vidogo vinavyolitapakaa gari zima chini ya mwembe aghalabu si utomvu: ni uchafu wa sukari unaotolewa na vidukari na wadudu wengine wafyonzao majani, ambao huota ukungu mweusi lakini, ukiwahiwa, huondoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa, na ianze kwa maji mengi, kwa sababu vumbi la mawe ya matumbawe likisuguliwa pamoja na doa hukwaruza. Kitambaa laini kilichochovywa maji ya moto hulazwa juu ya doa kwa dakika moja au mbili. Likikaidi, la mfenesi hupakwa mafuta ya nazi na kuachwa lilegee, na la embe hukandikwa pamba yenye spiriti ya kusafishia vidonda kwa nusu dakika, mbali na moto, kisha huinuliwa bila kusugua na mahali pale huoshwa.

Tahadhari kubwa ni kwa gari lililopakwa upya gereji kwa rangi ya nitroselulosi, maana rangi hiyo hukauka bila kujifunga kikemia na hivyo tina huiyeyusha papo hapo. Spiriti nayo ijaribiwe kwanza ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na rangi ikihamia kwenye pamba, iachwe kabisa.

Kwa kuwa maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya chokaa, gari likaushwe kwa kitambaa lisije likabaki na madoa meupe, kisha pale palipofutwa papakwe nta upya, kwani spiriti huiondoa ile ya zamani. Alama ya kovu inayosalia baada ya hapo si utomvu tena, bali ni vanishi iliyoliwa, na dawa yake ni kung'arishwa na fundi, ambaye naye hupunguza unene wa tabaka hilo kila anapolipitia.