Kikachi: Lugha ya Jangwani Tunayoiita Kihindi

Katika toleo hili tunatazama lugha moja ambayo wengi wetu tumeisikia madukani bila kujua jina lake. Mwanafunzi akimsikia mwenye duka wa asili ya India akizungumza na jamaa zake, huandika kwamba anasema Kihindi. Mara nyingi ni Kigujarati, na pengine ni Kikachi, lugha ya Kutch.

Kutch iko magharibi kabisa mwa India, katika jimbo la Gujarat, mpakani na Pakistan. Kaskazini yake kuna Rann, uwanda mkubwa wa chumvi ambao hufunikwa na maji wakati wa mvua za kusi na kubaki mweupe baada ya kukauka. Kandokando yake huishi wafugaji kama Warabari na Wajat. Pwani kuna bandari za Mandvi na Mundra, ambako majahazi yalishika kaskazi kwenda Zanzibar. Alidina Visram, aliyeeneza maduka hadi Uganda, alizaliwa Kera, huko huko Kutch.

Kikachi ni ndugu wa Kisindhi kuliko Kigujarati. Walimu wa fonetiki watapenda kujua kwamba kina sauti za b, d na g zinazotamkwa kwa kuvuta hewa ndani, kama zinavyotamkwa na Waswahili wengi wa pwani. Hatudai kwamba lugha moja iliiga nyingine. Kisindhi nacho kinazo.

Hata hivyo, Kikachi hakimo katika orodha ya lugha 22 za katiba ya India. Kisindhi kiliingizwa mwaka 1967, na katika sensa wasemaji wa Kikachi huhesabiwa chini yake. Shuleni mtoto husoma Kigujarati, na anayetaka kuandika Kikachi hutumia herufi za Kigujarati. Lugha hii basi inategemea nyumba, malisho na sherehe.

Na sherehe zenyewe zinasema mengi. Wagujarati wengi huanza mwaka baada ya Diwali, Oktoba au Novemba. Wakachi huuanza siku ya Ashadhi Bij, Juni au Julai, mvua zinapotarajiwa. Kwa mtu wa jangwani hakuna mwanzo mwingine wa maana! Wakati wa Navaratri mahujaji hutembea kwa miguu hadi hekalu la Mata no Madh, na kwenye kaburi la Haji Pir hukutana Waislamu na Wahindu. Masidi, wenye asili ya Afrika, huiita ngoma yao goma. Tamasha la Rann Utsav, lililoanzishwa na serikali ya jimbo katika miaka ya 2000, ni la watalii zaidi, ingawa mafundi wa nguo za kutarizi hupata soko.

Huku kwetu Kikachi kilichukua maneno ya jikoni: sufuria, fagio, kisu. Familia zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972 zikahamia Uingereza bado huita muhogo "mogo". Wajukuu wao wengi husema Kiingereza tu. Wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti wa nyanjani wangefanya vyema kuwaendea wazee wa Kikachi waliobaki mijini mwetu, tena mapema.