«Neither» hukanusha mara moja tu

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kimezidi kutafutwa hata huku Maniema ya kusini. Lakini mwanafunzi wa Kabambare hukifikia akiwa amekwisha kushiba lugha nyingine: Kibangubangu cha wazee, Kiswahili cha soko, Kifaransa cha darasani. Viunganishi vinavyokwenda viwiliwili ndipo lugha hizo zinapomponza.

Mtazame anapoandika: «I don't have neither salt nor palm oil.» Mwalimu hukata kwa kalamu nyekundu, asieleze kosa limetoka wapi. Kwa Kiswahili tunasema «Sina chumvi wala mawese»: kitenzi kimekanusha, «wala» ikakanusha tena, na hakuna anayelalamika. Kifaransa nacho, penye «ni… ni», hudai «ne» ibaki kwenye kitenzi. Kwa hiyo lugha zake mbili zinamwambia yuko sawa. Kiingereza sanifu ndicho kinachokataa, kwa kuwa «neither» imekwisha kubeba ukanushi wote, kitenzi hakikanushwi tena: «I have neither salt nor palm oil.» Akiing'ang'ania «don't», basi abadili jozi nzima: «I don't have either salt or palm oil.» (Kiingereza cha zama za Shakespeare kilikanusha mara mbili bila haya, ila mtahini wa leo hataki kusikia hayo.)

Kwenye «ingawa», Kifaransa humsaidia. Sisi husema «Ingawa barabara ya Kasongo ni mbovu, lakini malori yanapita», na sikio halishtuki. Kifaransa hakiweki «mais» baada ya «bien que», na Kiingereza ni hivyo hivyo: ukianza na «although», usilete «but». Chagua moja.

Jozi inayowachanganya hata Waingereza wenyewe ni «no sooner» na «hardly», zote zikiwa na maana ya «mara tu». «No sooner had we reached Kasongo than it rained.» Ni «than» kwa sababu «sooner» inalinganisha, kama «bigger» au «older». «Hardly» hailinganishi chochote, ndiyo maana hufuatwa na «when»: «Hardly had we reached Kasongo when it rained.» Magazetini «no sooner… when» hupenya mara kwa mara, mhariri akiwa amesinzia.